Intaneti ya nyumbani imekatika ghafla: tafuta jibu linapokomea

Mtandao ukikata, mkono hukimbilia swichi ya ukutani: zima, hesabu hadi kumi, washa. Mara nyingi inakubali, ndiyo maana ushauri huo hauzeeki. Ubaya wake ni kwamba ukizima ruta unafuta ushahidi. Taa zilizokuwa zikikuonyesha kitu zinaanza upya, kumbukumbu za ndani za ruta nyingi zinapotea, na kasoro ikirudi kesho utakuwa pale pale ulipoanzia. Ukimpigia mtoa huduma, naye atakuambia uzime na uwashe.

Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayotoka kwenye kompyuta yako hupita mikono mingi: wifi au waya, ruta, kisanduku cha faiba, mitambo ya mtoa huduma, kisha mitandao ya watu wengine hadi kwenye seva unayoitafuta. Huhitaji kuijua safari yote. Unachotaka ni kumjua aliyekuwa wa mwisho kujibu, kwa sababu kasoro iko kati yake na yule anayemfuata. Mwongozo huu wote ni kumsaka huyo.

1. Tazama kwanza, usiguse

Piga picha ya taa za ruta na za kisanduku cha faiba. Andika saa mtandao ulipokata. Kisha jiulize: ni kifaa kimoja kilichokosa intaneti, au vyote? Ni tovuti moja au zote?

Hapa simu hudanganya watu. Ikiwa kwenye wifi isiyo na intaneti, simu nyingi huhamia kimyakimya kwenye data ya laini, nawe ukadhani wifi ni nzima. Zima data ya simu kabla ya kupima chochote. Nimeshuhudia mtu akibisha nusu saa kwamba wifi iko sawa na kompyuta ndiyo mbovu, kumbe muda wote huo simu ilikuwa inakula bando.

Kama ni kifaa kimoja tu, ruka hadi hatua ya 4. Kama ni vyote, endelea na taa.

2. Taa za kisanduku cha faiba

Taa mbili ndizo za kuangalia. PON ikiwa kijani bila kupepesa, kisanduku kinaongea na mtambo wa mtoa huduma. LOS huwa imezimika mambo yakiwa sawa. Ikiwaka nyekundu au ikipepesa, mwanga haufiki, na hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaoliponya hilo. Usipoteze muda kwenye kompyuta.

Kabla ya kupiga simu, fuata uzi wa faiba kwa macho kutoka kwenye kisanduku hadi unapoingia ukutani. Ndani yake mna kioo chembamba kama unywele. Ukiukunja kwa ukali, kwa mfano nyuma ya kabati lililosukumwa wakati wa kufagia au chini ya mguu wa meza, mwanga huvuja penye kona hata kama uzi haujakatika. Ulegeze, uupe duara pana, subiri dakika mbili. Kama kichwa cha uzi kimelegea, kisukume hadi kilie "tik". Kichwa cha kijani huingia kwenye tundu la kijani, na cha buluu kwenye la buluu. Vimechongwa tofauti, na ukivichanganya mwanga hupungua.

Usichungulie ncha ya uzi uliochomolewa. Mwanga unaoletwa nyumbani kwa faiba ya kawaida una urefu wa mawimbi wa nanomita 1490, ambao jicho haliuoni, kwa hiyo "sioni kitu" si dalili ya usalama. Usiiguse ncha hiyo kwa kidole pia, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibu ishara.

Visanduku vingi vina ukurasa wa ndani unaoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa dBm. Namba huwa hasi. Ikiwa kati ya -10 na -25 uko salama. Ikikaribia -27 uko ukingoni, na hapo mtandao huja na kwenda. Iandike namba hiyo, fundi ataifurahia kuliko maelezo marefu.

Taa zote zikiwa giza, shuku adapta ya umeme kabla ya kifaa. Adapta iliyochoka ina tabia yake: ruta huwaka vizuri, kisha hujizima na kujiwasha yenyewe wifi inapopata watumiaji wengi. Ukipata nyingine, soma kibandiko: volti lazima zilingane, ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue.

3. Weka wifi pembeni

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kwenye tundu mojawapo la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN (la kwenda nje). Mtandao ukifanya kazi kwa waya na si kwa wifi, hauna tatizo la intaneti, una tatizo la redio: umbali, kuta, au chaneli iliyojaa majirani. Hiyo ni kazi nyingine. Kama huna waya, simama karibu na ruta na uendelee, ila kumbuka kwamba pakiti chache zitakazopotea huenda zikawa za hewani.

4. Soma anwani uliyopewa

Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

ipconfig /all

Kwenye Linux andika `ip addr` kisha `ip route`. Kwenye Mac, tazama mipangilio ya mtandao. Unatafuta vitu vitatu: anwani yako, lango, yaani anwani ya ruta, na seva ya DNS, yaani inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Ama waya au wifi haifiki kwenye ruta, au ile huduma ya ruta inayogawa anwani imekwama. Hapa kuzima na kuwasha ruta ni halali kabisa.

Kama anwani inaonekana ya kawaida, usipite haraka. Soma lango. Nyumba moja niliyoitwa ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: asubuhi kompyuta ina intaneti na simu haina, jioni mambo yanageuka. Taa zote zilikuwa njema. Simu ilikuwa na anwani 192.168.1.23 na lango 192.168.1.1, kama inavyotakiwa. Kompyuta ilikuwa na 192.168.0.14 na lango 192.168.0.1. Nyumba moja, malango mawili. Kijana wa nyumba alikuwa ameitoa ruta ya zamani kabatini, akaichomeka chumbani kwake kwa tundu la LAN ili wifi ifike kitandani. Ruta ile iliendelea na kazi yake ya zamani ya kugawa anwani. Kila kifaa kilipoomba, ruta zote mbili zilijibu, na kifaa kikachukua jibu lililotangulia kufika. Waliobahatika walipata lango lenye njia ya kutoka. Waliobaki walielekezwa kwenye ruta isiyo na pa kuwapeleka.

Dawa ni kuingia kwenye ruta ya pili, kuzima DHCP, yaani ile huduma ya kugawa anwani, na kuipa anwani iliyo ndani ya mtandao wa ruta kuu lakini isiyogongana na kifaa kingine, mfano 192.168.1.2. Baada ya hapo inabaki kuwa kipaza wifi tu. Windows hukurahisishia uchunguzi huu: mstari wa DHCP Server kwenye `ipconfig /all` unamtaja aliyekupa anwani. Kama si ruta unayoijua, mgeni yumo ndani.

Ndugu yake tatizo hilo ni waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa matundu ya waya. Pakiti za matangazo, yaani zinazotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja, huzunguka bila kikomo, taa zote za swichi hupepesa kwa kasi moja kama zimepagawa, na nyumba nzima husimama. Chomoa nyaya mojamoja hadi taa zitulie.

Na kama umewahi kuweka VPN, yaani programu inayopitisha pakiti zako kwenye njia ya faragha, izime kabisa kabla ya kuendelea. Ikikatika vibaya huweza kuacha njia au DNS yake kwenye kompyuta, na pakiti zako zikaelekezwa kwenye mlango uliokwisha kufungwa.

5. Pingi nne, kutoka karibu kwenda mbali

Pingi ni pakiti ndogo inayomwomba mpokeaji ajibu. Fuata mpangilio huu, ukiweka lango lako mwenyewe pale juu:

ping 192.168.1.1
ping 1.1.1.1
ping 8.8.8.8
ping wikipedia.org

Lango lisipojibu, kasoro iko ndani ya nyumba. Lango likijibu lakini 1.1.1.1 na 8.8.8.8 zikawa kimya, kasoro iko kwenye ruta au ng'ambo yake. Namba zikijibu na jina likakataa kutafsiriwa, ni DNS. Zote nne zikijibu na bado kurasa hazifunguki, nenda hatua ya 9. Ninapima namba mbili kwa sababu zinamilikiwa na watu tofauti (Cloudflare na Google), na moja kukosa jibu hakuthibitishi kitu.

Soma pia maneno ya jibu, maana yanatofautiana. "Request timed out" ni ukimya: pakiti ilienda, hakuna kilichorudi. "Destination host unreachable" iliyotoka kwenye anwani yako mwenyewe ina maana kompyuta haikumpata hata jirani wa kwanza. Ikitoka kwenye anwani ya ruta, au ikisema "net unreachable", ruta inakiri kwamba haina njia ya kutokea. Na "TTL expired in transit" ni pakiti iliyozunguka hadi ikafa. Hiyo tutaikuta tena mbele.

6. Kama ni DNS

Hii ni fupi. Badilisha DNS ya kompyuta iwe 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kisha safisha kumbukumbu kwa `ipconfig /flushdns`. Ikikubali, weka hivyo kwenye ruta ili nyumba nzima ipone. Isipokubali wakati namba zinajibu pingi, pengine kuna kizuizi kati yako na seva hizo, na hilo ni la mtoa huduma.

7. Ruta ina anwani ya nje?

Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani ya lango kwenye kivinjari. Tafuta sehemu ya WAN au Internet.

Ukikuta 0.0.0.0, ruta haijapewa kitu. Kama huduma yako hutumia jina na nenosiri, yaani PPPoE, tazama kama bado yameandikwa. Wakati mwingine mtambo wa upande wa pili bado unashikilia kikao cha zamani na kukataa kipya. Zima ruta, iache dakika tano hadi kumi, washa. Sekunde kumi hazitoshi kwa hili. Hapa ndipo pia pa kuhakikisha kifurushi hakijaisha muda wake. Inachekesha, lakini mimi mwenyewe niliwahi kubomoa nusu ya nyaya za nyumbani kwa sababu ya tarehe.

Ukikuta anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, usishtuke. Ni anwani ambazo watoa huduma huwagawia wateja wengi walio nyuma ya anwani moja ya umma. Kuperuzi kutaenda vizuri, ila hutaweza kuingia nyumbani kutoka nje, kwa mfano kutazama kamera zako moja kwa moja. Ikiwa ni 192.168 au 10 mwanzoni, huenda kuna ruta nyingine mbele ya ruta yako. Mara nyingi kisanduku cha faiba chenyewe ni ruta. Hakikisha mitandao miwili hiyo haitumii namba zinazofanana. Ruta yenye 192.168.1.x ndani na nje haijui pakiti ielekee wapi.

Na usibonyeze kile kitundu cha RESET kwa pini. Kuwasha upya ni kitu kimoja, kufuta mipangilio ni kingine. Ukifuta, jina, nenosiri na namba ya VLAN (inayotenganisha mitandao kwenye waya mmoja) vilivyowekwa na fundi vinaondoka, na kasoro ya dakika kumi inakuwa ya siku mbili.

8. Fuata njia

Umefika hapa kwa sababu nyumba yako ni nzima, ruta ina anwani, lakini baadhi ya mahali hapafikiki au pamekuwa pazito ghafla. Sasa ndiyo tunazungumzia njia zenyewe.

tracert -d 1.1.1.1

Kwenye Linux na Mac ni `traceroute -n 1.1.1.1`. Amri hii hutumia hila rahisi. Kila pakiti hubeba namba ya uhai (TTL), na kila ruta inayoipitisha huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumwarifu aliyeituma. Amri hutuma pakiti ya uhai wa 1, halafu 2, halafu 3, na kila inapokufa unaijua anwani ya kituo. Kwa kawaida hukoma kituo cha 30.

Huu ni mfano:

1  192.168.1.1  1 ms
2  100.64.0.1  6 ms
3  203.0.113.9  7 ms
4  *  *  *
5  203.0.113.41  92 ms
6  1.1.1.1  11 ms

Wengi wangemlaumu nambari 4 kwa nyota zake, na nambari 5 kwa milisekunde 92. Wote wawili hawana hatia. Kituo cha 4 kinapitisha pakiti, kimekataa tu kujitambulisha. Cha 5 huzipitisha haraka lakini hukawia kujibu barua zinazokihusu chenyewe, kwani ruta kubwa huyaweka majibu hayo mwisho wa foleni. Ushahidi ni mstari wa 6: mwisho wa safari ni milisekunde 11. Muda ukiruka katika kituo fulani na *kubaki juu hadi mwisho*, hapo ndipo pa kushika. Upotevu wa pakiti nao ni hivyo hivyo: ukianzia kituo cha 3 na kuendelea hadi wa mwisho, ni wa kweli. Ukiwa kituo kimoja tu, achana nao.

Kwa upotevu wa hapa na pale, njia moja haitoshi. Tumia `mtr` kwenye Linux au `pathping` kwenye Windows, iache ipime mamia ya pakiti.

Kuna picha moja ambayo ukiiona huna haja ya kubahatisha:

5  203.0.113.17
6  203.0.113.18
7  203.0.113.17
8  203.0.113.18

Ruta mbili zinatupiana pakiti kama mpira. Kila moja inaamini mwenzake ndiye anayeijua njia. Ndiyo ile "TTL expired in transit". Hakuna unachoweza kukifanya nyumbani, lakini nakala ya mistari hiyo humaliza mabishano yote na huduma kwa wateja.

Umbali nao una hesabu yake. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 hugharimu kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva iliyo mji mmoja nawe ikijibu kwa milisekunde 180, huenda pakiti zako zinazungushwa bara jingine kwanza. Hutokea kebo ya baharini ikikatika na mizigo ikahamishiwa njia ndefu: mtandao haujafa, umechukua barabara ya mchepuko iliyojaa.

Kosa linaweza pia kuwa la mtu aliye mbali sana. Tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi. Tangazo lake la njia, yaani taarifa inayoziambia ruta nyingine pa kupeleka pakiti, likavuja nje, na kwa kuwa lilitaja kundi dogo la anwani kuliko lile lililotangazwa na YouTube, ruta za dunia zililiamini zaidi, kwani kanuni ni kwamba njia mahususi huishinda ya jumla. Kwa takribani saa mbili, sehemu kubwa ya dunia ilikuwa inatuma maombi ya YouTube mahali pasipokuwa na YouTube. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa zamu ya Facebook: njia za kufikia seva zake za DNS ziliondolewa, na huduma zake zikatoweka kwa saa sita hivi. Siku kama hizo ruta yako haina kosa, iache ipumzike.

Jaribio la kukata shauri ni kwenda mahali palepale kwa njia nyingine. Washa hotspoti ya simu yenye laini ya mtandao tofauti, pima tena. Pakifikika kwa laini na si kwa faiba, lengo ni zima na njia ya mtoa huduma wako ndiyo mbovu. Kumbuka pia kwamba majibu si lazima yarudi kwa njia yaliyoendea. Kipimo chako kinaonyesha kwenda tu, na kasoro huweza kuwa ya kurudi.

9. Baadhi ya kurasa zinafunguka, nyingine zinaning'inia

Pingi ni nzuri, lakini tovuti fulani hukwama nusu. Shuku ukubwa wa pakiti. Kikomo cha kawaida ni baiti 1500, na PPPoE hula 8, zinabaki 1492. Kama ruta haijui hilo na kuna anayetupa pakiti kubwa bila kusema, ndogo hupita na kubwa huzama.

ping -f -l 1464 1.1.1.1

Kwenye Linux: `ping -M do -s 1464 1.1.1.1`. Zile 1464 pamoja na 28 za vichwa, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia data, ni 1492. Zisipopita, punguza kumikumi hadi zipite, jumlisha 28, na jibu uliandike kwenye ruta penye MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti.

Kama kurasa hufunguka baada ya kusitasita sekunde kadhaa kila mara, zima IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, kwenye kompyuta kwa muda ulinganishe. IPv6 iliyowekwa nusunusu hufanya hivyo. Ukithibitisha, iwashe tena na umwambie mtoa huduma airekebishe.

10. Simu kwa mtoa huduma

Usiseme "neti haipo". Sema: "Tangu saa 2:40 usiku. LOS imezimika, PON kijani, mwanga -19. Ruta ina anwani ya nje. Lango linajibu, kompyuta iko kwenye waya. Pakiti zinapotea kuanzia kituo cha 3 hadi mwisho, na kwa laini nyingine hazipotei. Ninazo nakala." Kisha omba namba ya tatizo uiandike. Mpokea simu bado anaweza kukuomba uzime na uwashe. Kubali, umeshapiga picha.

Mtandao ukirudi, chukua dakika tano nyingine: rudia pingi nne na tracert moja, andika nguvu ya mwanga, na uhifadhi matokeo mahali panaposomeka bila intaneti. Bila vipimo vya siku ya uzima, milisekunde 40 za siku ya ugonjwa huwezi kujua ni nyingi au ndiyo kawaida yake.